Gari Moja, Mto Mmoja, Bima Mbili

Mtu wa Mtwara mwenye gari akiamua kwenda Kigali, safari ya kama kilomita 2,000, anaongeza Kadi ya Njano ya COMESA juu ya bima yake ya nyumbani, anapita Rusumo, na suala la bima linaishia hapo. Mtu huyohuyo akiamua kwenda kumzika shangazi yake ng'ambo ya Ruvuma, kivuko chenyewe kiko Kilambo, safari isiyofika kilomita 50 kutoka Shangani, kadi hiyo haimsaidii kitu. Bima yake inaishia majini. Akishuka upande wa pili anatakiwa kununua nyingine.

Naomba msomaji urudie kusoma hapo juu, kisha uniambie ni nani kati yetu aliyelogwa.

Najua wengine mtasema haya ni mambo ya wenye magari, tuwaachie wenyewe. Subirini kidogo. Bima ninayoizungumzia hapa haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari. Iliwekwa kwa ajili yako wewe unayetembea kwa miguu pembeni mwa barabara na ndoo kichwani.

Tuelewane maneno kwanza. Kuna bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo haikulipi wewe dereva wala haitengenezi gari lako. Inamlipa yule uliyemgonga, au familia yake kama amefariki, au mwenye nyumba uliyoingia ukutani. Ndiyo maana sheria inailazimisha. Bima kubwa inachukua hayo yote halafu inaongeza gari lako mwenyewe: likiibiwa, likiungua, likipinduka. Hiyo ni hiari yako, labda kama gari ni la mkopo na benki imekubana.

Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, kiwango cha chini cha bima ndogo ya gari binafsi kimekuwa shilingi 100,000. Ukiweka VAT ya asilimia 18 unatoa 118,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: ni kama shilingi 323 kwa siku. Bei ya andazi na chai ya rangi. Kwa pesa hiyo kampuni ya bima imekubali kubeba mzigo wa kila mtu utakayemgonga kwenye barabara za Tanzania leo.

Sasa nisaidieni hesabu hii ndogo. Gari moja haliwezi kuwa Mtwara na Palma kwa wakati mmoja. Siku tatu likiwa msibani ng'ambo, halimgongi mtu yeyote Ligula wala Mikindani. Lakini siku hizo tatu umezilipia hapa, na unazilipia tena kule. Barabara mbili, sawa, lakini gari moja, dereva mmoja, hatari moja. Mbona malipo mawili?

Tusimwonee Msumbiji, hoja yake ya msingi ni ya haki kabisa. Mwanakijiji wa Namoto akigongwa na gari lenye namba za Tanzania, akadai wapi? Apande basi aje Dar es Salaam kutafuta ofisi ya kampuni asiyoijua, kwa lugha ya fomu asiyoisoma? Kwa hiyo wanasema: ukiingia kwetu, kata bima ya kwetu, ili mtu wetu akiumia adai hapahapa. Na sisi tunamfanyia hivyohivyo dereva wa Msumbiji akija upande huu. Hilo nalikubali kwa mikono miwili.

Lakini tatizo hilo lilishapatiwa dawa zamani, tena si Ulaya tu. Wazungu wana Kadi ya Kijani yao tangu miaka ya baada ya vita kuu ya pili. Afrika Magharibi walisaini mkataba wa Kadi ya Kahawia mwaka 1982 kule Cotonou. Sisi upande huu tulisaini wa Kadi ya Njano mwaka 1986, ukaanza kazi mwaka 1987, wakati huo COMESA bado inaitwa PTA.

Inavyofanya kazi ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Unanunua kadi kwa kampuni yako ya nyumbani kabla ya safari. Ukimgonga mtu Lusaka, yeye hahangaiki na wewe wala na kampuni yako. Anakwenda kwenye ofisi ya taifa ya kadi hiyo nchini kwake, analipwa kwa sheria za nchi yake. Ofisi hiyo ndiyo inayomalizana na ofisi ya nchi yako. Wewe umeshageuza gari umerudi, lakini deni limekufuata bila mtu wa Lusaka kuhitaji pasi ya kusafiria. Yaani anapata kilekile ambacho Msumbiji wanakitaka kwa ajili ya mtu wao, bila kumlazimisha mgeni kununua bima nzima upya.

Msumbiji ilijitoa COMESA mwaka 1997. Haimo kwenye Kadi ya Njano. Wapo watakaosema, basi, amejitoa, tufanyeje? Hapo ndipo inabidi tujikumbushe historia yetu wenyewe. Na sisi tulijitoa COMESA, mwaka 2000. Lakini kadi hatukuiacha. Tulibaki ndani ya mpango wa bima huku tukiwa nje ya jumuiya, na mpaka leo lori la Tanzania linakwenda Malawi, Zambia na Kongo na kadi hiyo. Kwa hiyo hakuna anayehitaji kurudi COMESA ili aingie kwenye kadi. Sisi ni mfano unaotembea.

Angalieni ramani halafu mtaona maajabu. Msumbiji inapakana na nchi sita. Nne kati ya hizo, yaani Tanzania, Malawi, Zambia na Zimbabwe, zimo kwenye Kadi ya Njano. Mbili zilizobaki, Afrika Kusini na Eswatini, zina utaratibu mwingine: fidia ya ajali inatoka kwenye tozo ya mafuta, kwa hiyo ukijaza tangi umeshachangia hata kama wewe ni mgeni. Majirani wote sita wana mlango wa pamoja. Aliyebaki na geti lake peke yake ni mmoja tu, na ndiye tunayemwita ndugu wa damu.

Sasa tuje kwenye bei, maana ndiyo inayowafanya watu wapige kelele. Kwa nini kuendesha gari ng'ambo kunazidi kuwa ghali? Naona sababu tatu, na si zote ni mbaya.

Ya kwanza ni dola. Mwaka 2010 dola moja ilikuwa inazunguka kwenye shilingi 1,400 na 1,500. Katikati ya mwaka 2024 ilipita 2,600. Malipo yoyote ya safari yaliyopigwa kwa dola, hata kama hayakuongezwa senti moja, kwa mtu anayelipwa mshahara wa shilingi yamepanda sana. Hakuna alichoongezewa.

Ya pili ni hatari yenyewe. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia, na Cabo Delgado haijawa ileile tangu siku hiyo. Oktoba 2020 walivuka mto wakashambulia Kitaya, kijiji chetu, mkoa wetu. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20. Biashara ya bima ni biashara ya kukadiria ubaya. Ubaya ukiongezeka, bei haiwezi kubaki ilipo. Na jambo ambalo wengi hawalijui: bima ya kawaida ya gari, hata iwe kubwa kiasi gani, huwa haifidii hasara ya vita na ugaidi. Iko kwenye yale maandishi madogo ya nyuma ambayo hatuyasomi. Gari likichomwa njiani na wapiganaji, usitegemee cheki.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi. Mteja wa mpakani ameshikwa pabaya. Kivuko cha Kilambo kinasikiliza maji ya bahari. Maji yakitoka, michanga inajitokeza na gari linasubiri. Yakijaa, kila mtu anakimbilia pantoni. Umefika ng'ambo, jua linazama, msiba unakungoja, karatasi imeandikwa Kireno, na anayekuuzia anajua huna pengine pa kwenda. Hapo utajadiliana nini? Utauliza kampuni tatu zilinganishe bei? Utalipa utakachoambiwa, utashukuru na risiti. Na kama uliyekutana naye ni dalali msanii tu aliyejichapia fomu zake, utajuaje?

Wamarekani wanaovuka kwenda Mexico nao wana kilio cha aina hii. Bima zao za nyumbani hazitambuliwi kule, lazima wanunue ya Mexico, na bei zake zimekuwa zikipanda. Lakini kuna tofauti mbili ambazo ningependa wakubwa wetu wazisikie. Kwanza, Mmarekani ananunua akiwa nyumbani kwake, kabla hajawasha gari, analinganisha kampuni, na anaweza kununua kwa siku anazozitaka. Pili, moja ya sababu za kupanda kwa bei kule ni kwamba mwaka 2012 Mexico ilibadilisha sheria yake ya kazi, fidia ya kifo ikatoka siku 730 za ujira na kufika siku 5,000, na kwa kuwa majimbo mengi yanakokotoa fidia ya ajali kwa kufuata sheria hiyo, dhima ya dereva ikapanda nayo.

Fikirieni maana yake. Bei ilipanda kwa sababu thamani ya mtu aliyegongwa ilipanda. Mimi bei ya namna hiyo nitailipa huku nanung'unika, lakini nitailipa, kwa sababu kuna mjane mahali fulani atakayepata kitu. Bei inayopanda kwa sababu kuna karatasi mbili kwa gari moja, au kwa sababu shilingi imeanguka, au kwa sababu muuzaji ni mmoja na kivuko kinaondoka, hiyo haimwongezei mjane hata mia.

Na ikizidi sana inamdhuru. Kwa sababu watu hawaachi kuvuka, wanaacha kulipa. Mmakonde wa Tandahimba ana ukoo Mueda. Wa Msimbati ana wajomba Palma. Huyu anaoa kule, yule anazika huku, wa tatu anafuata samaki au korosho. Mpaka ule ulichorwa na Wajerumani na Wareno, mabibi zetu hawakuulizwa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo bima ya safari ya siku mbili inamla faida yote ya safari, atafanya moja kati ya matatu. Ataacha gari Kilambo avuke kwa mtumbwi na kukodi pikipiki ambayo nayo haina bima. Atapitisha gari na kuomba Mungu asikutane na askari. Au atakutana na askari na watamalizana wanavyojua wao. Katika yote matatu, akigongwa mtoto wa mtu barabarani, hakuna kampuni ya kudaiwa. Kuna harambee ya rambirambi na kesi isiyo na kichwa.

Hiyo ndiyo gharama halisi ya bima kuwa ghali. Anayeibeba hata gari hana.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo nimeisikia kwa mshkaji mmoja wa fani ya bima, na si ya kupuuza. Anasema: magari yanayovuka Kilambo na Mtambaswala ni machache, Cabo Delgado bado ni moto, kampuni gani itakayotaka kubeba dhima kule kwa bei ya Kigali? Namjibu hivi. Kwanza, uchache wa magari ni sababu ya kuanza sasa, maana ajali nazo ni chache na makosa ya kuanzia yatakuwa madogo. Pili, vita haimo kwenye bima ya gari hata leo, kwa hiyo kinachobebwa ni ajali za barabarani tu, na mbuzi anayekatiza barabara Palma hana tofauti na wa Nanyamba. Tatu, magari hayatabaki machache. Novemba 2025 TotalEnergies ilitangaza kuondoa lile zuio la tangu 2021. Mradi ukichangamka, nani atapeleka saruji, kuku, nyanya na mafundi? Bandari iliyo karibu ni ya Mtwara. Tutajenga utaratibu kabla malori hayajapanga foleni, au baada ya mazishi ya kwanza?

Daraja tunalo. Mwalimu Nyerere na Samora Machel waliliwaza mwaka 1975, likafunguliwa Mei 2010 na marais Kikwete na Guebuza: mita 720 za zege kati ya Mtambaswala na Negomano. Lami kutoka Mangaka hadi Mtambaswala, kilomita 65 na ushei, nayo tuliimwaga. Miaka 35 kutoka wazo hadi daraja. Karatasi ya kutambua stika haihitaji nondo wala mkandarasi, lakini kila viongozi wetu wanapokutana tunasikia ulinzi, biashara na undugu, na mwenye gari akirudi mtoni anakuta mambo ni yaleyale.

Basi napendekeza haya, na wenye utaalamu kuliko mimi mnirekebishe.

Moja, Tanzania imshawishi Msumbiji aingie kwenye Kadi ya Njano kwa mlango uleule tuliobakia sisi. Nani mwingine wa kumshawishi? FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kambi zake zilikuwa Nachingwea. Kama tulimpa ardhi ya kufanyia mazoezi ya vita, hatushindwi kumwomba atambue kadi ya bima.

Mbili, kama hilo litachukua muda, na litachukua, tuanze na makubaliano ya mikoa jirani: magari madogo ya Mtwara na Ruvuma kwa upande wetu, ya Cabo Delgado na Niassa kwa upande wao. Yauzwe kwa siku. Mtu wa msiba wa siku mbili anunue siku mbili, kabla hajatoka nyumbani, kwa wakala wa hapa mjini.

Tatu, bei ibandikwe. Kilambo na Mtambaswala, ukutani, kwa Kiswahili na Kireno, kwa shilingi na metikali. Bei iliyoandikwa ukutani inapunguza usanii kuliko semina kumi.

Nne, uhakiki. TIRA ilishatuletea stika za kielektroniki, leo trafiki wa Tanzania anaingiza namba ya gari kwenye simu anaona kama bima ipo au ni changa la macho. Mfumo huo usomeke ng'ambo, na wa kwao usomeke huku. Stika isiyoweza kuhakikiwa na askari aliye mbele yako ni pambo la kioo.

Kwa wewe unayepanga kuvuka kabla hayo hayajatokea, mambo ya kufanya ni haya. Usidhani bima yako kubwa inakufuata ng'ambo. Iulize kampuni yako, na jibu lije kwa maandishi, si kwa simu. Kama gari ni la mkopo, chukua barua ya benki, maana kadi ya gari wanayo wao. Kama si lako, barua ya mwenyewe. Ukinunua bima kule, soma tarehe ya kuanza na ya kuisha na namba ya gari kabla hujaondoka dirishani, hata kama Kireno chako ni cha "bom dia" tu. Tarakimu hazina lugha. Na usikubali kununua bila risiti hata kama pantoni inapiga honi.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Kufanana tumefanana sana na watu wa ng'ambo: majina yale, ngoma zile, ugali uleule wa muhogo. Kufaana ndiko kunakopimwa siku gari la mmoja limemvunja mguu mtoto wa mwenzake. Siku hiyo mtoto analipwa au halipwi?

Kwa sasa, mara nyingi mno, inategemea kama dereva alikuwa na hela ya bima ya pili. Naomba kutoa hoja.